Sababu ya Nafasi Kuwa Wazi

Uliinama ukafunga kamba za viatu. Usikatae, nilikuwa safu ya tatu nyuma yako na nilikuona. Wanaume wanne wenye suti za kaki walikuwa wanaingia mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, muda wa mapumziko, bila tiketi, na wewe ghafla ukakumbuka kamba zako. Siku hiyo ulivaa kandambili.

Sikusemi peke yako. Jukwaa zima lilipata shughuli za dharura. Jirani yako alianza kusoma nyuma ya tiketi, pale palipoandikwa kwamba uongozi hauhusiki na upotevu wa mali. Mwanamke wa karanga alianza kuvipanga upya vifurushi vyake. Mimi nilitazama mawingu. Yalikuwa matatu, na la kati lilikuwa na umbo la jiko la mkaa. Ninayakumbuka kwa sababu akili yangu ina ubovu huo, haitupi kitu, na ndiyo maana nimeona nikuandikie haya, taratibu, bila hasira hata chembe, ili nchi yetu ipate sifa inayostahili kwa jinsi ilivyolishughulikia suala dogo la kiungo wa kati.

Jina la nchi sitalitaja. Hutajwa kwa kibali, kibali hutolewa Jumanne, na leo ni Jumatano.

*

Klabu yetu ni Vumbi Jekundu. Kiungo wetu wa kati alikuwa Kondo Mwinshehe, jezi namba nane, mtu mfupi mwenye matege, aliyepokea mpira kama mtu anayepokea barua aliyokuwa akiisubiri. Wiki mbili kabla ya fainali ya kombe, ukuta wa jukwaa la mashariki ulianguka. Ulikuwa na umri wa miezi mitano, na alikuwa ameuzindua Mlezi Mkuu wa Michezo Yote, ambaye pia ni Rais, kwa mkasi wa rangi ya dhahabu. Watu kumi na tisa walikuwa chini ya ukuta huo. Taarifa ya serikali ilisema ukuta umepumzishwa, na kwamba baadhi ya mashabiki wamepatwa na usumbufu.

Fainali ikachezwa hapohapo. Upande wa mashariki walitandika turubai kubwa lililochorwa watu wanaoshangilia. Mchoraji alikuwa fundi kweli. Ukikaa mbali huwezi kujua, isipokuwa kwamba wale watu walishangilia hata tulipofungwa.

Dakika ya ishirini na sita Kondo alipokea mpira katikati ya uwanja, akaukanyaga, akasimama. Hakukimbia, hakupiga pasi. Wachezaji wa Maji Marefu, wapinzani wetu, walimwendea, wakamtazama usoni, wakarudi nyuma mmoja mmoja. Refa alitoa kijitabu cha sheria akakisoma ukurasa kwa ukurasa, hakuona palipokatazwa mtu kusimama. Kufikia dakika ya nne ya kule kusimama, uwanja mzima ulikuwa umeelewa anahesabu nini, na ulikuwa unahesabu naye, kimyakimya, mbele ya Mlezi Mkuu. Alisimama dakika kumi na tisa. Kisha filimbi ya mapumziko ikapigwa, naye akauacha mpira palepale akatoka.

Halafu suti za kaki. Halafu kamba zako, na mawingu yangu.

Kipindi cha pili Vumbi Jekundu waliingia kumi. Hapo ndipo ilipozaliwa shida ya kitaalamu. Mwamuzi wa akiba hakuinua kibao cha mabadiliko. Hakuna aliyeingia kuchukua nafasi ya mtu, hakuna kadi nyekundu, hakuna machela. Kwa mujibu wa karatasi, Kondo Mwinshehe bado yuko uwanjani. Huu mwaka wa saba.

Na karatasi katika nchi yetu huheshimiwa. Jina lake husomwa kwenye orodha ya kila mechi. Amewahi kupewa kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Mwaka juzi shirikisho lilimwandikia onyo kali kwa kutohudhuria semina ya nidhamu, na barua ikapelekwa kwa dada yake, naye akaandika nyuma yake: "Nami namtafuta. Mkimpata kwenye semina, mniambie."

*

Sasa nieleze juu ya uhuru.

Wapo wabaya wetu huko nje wanaosema nchi hii hairuhusu watu kuzungumza. Ni uongo. Kila siku ya kazi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jioni, raia anaruhusiwa kujadili bila hofu yoyote ni kiungo gani wa kati asajiliwe na Vumbi Jekundu. Iko Wizara kamili, Wizara ya Nafasi na Mijadala, na kila kijiwe kimepewa Afisa Mjadala. Ripoti yao ya mwaka jana ilionyesha kwamba tumeongoza ukanda mzima kwa uhuru wa maoni kuhusu kiungo, tukawaacha mbali majirani zetu ambao wanahangaika kujadili bei ya unga.

Kijiwe chetu ni kibanda cha Pazi, kinyozi. Afisa wetu aliitwa Filimoni Kajuna, kijana mwembamba mwenye adabu, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akiwa na bendera ya mshika kibendera. Kazi yake ilikuwa kuinua bendera mtu akiotea. Kuotea kulitangazwa gazetini: ni pale ambapo mzungumzaji anarudi nyuma kuliko tarehe iliyoruhusiwa.

"Namtaka Lopango," Pazi alikuwa akisema siku moja, wembe mkononi, mteja chini yake. "Lile jitu linakata umeme mtaa mzima."

"Akishakata, anampa nani pasi?" Huyu ni Chaurembo, mtunza vifaa wa klabu. "Anakata umeme mpaka wa nyumbani kwake. Mleteni Sembuyagi. Sembuyagi anachezesha."

"Sembuyagi ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Ana ishirini na tisa tangu mimi nanyoa kwa mkasi. Juzi mjukuu wake kaja hapa kunyoa ndevu."

"Wewe na Lopango wako mnafanana, nguvu nyingi, akili kwenye buti."

"Jamani," mteja akasema, "mimi naona wote wawili..."

"Tulia wewe. Kichwa chenyewe nusu, unataka kuchangia hoja."

Tulicheka. Hata Kajuna alicheka, akaandika kwenye daftari lake, nadhani aliandika kwamba tumecheka. Chaurembo akapata moto. "Mimi sitaki jitu wala babu. Nataka mtu anayepokea mpira kashageuka, hatazami chini, anajua tayari unakwenda wapi, kama vile yule..."

Bendera ikapanda.

"Umeotea, Mzee Chaurembo," Kajuna alisema kwa upole.

"Sijataja mtu, Bwana Afisa."

"Ulikuwa unaelekea."

"Mtu anaotea kwa kuelekea?"

"Waraka mpya. Nia inahesabiwa."

Pazi aliendelea kunyoa. Halafu mtu akasema Lopango ana mguu wa kushoto mzuri, na sote tukamshukuru moyoni, tukaendelea.

*

Vumbi Jekundu ina desturi ambayo vilabu vingine hutucheka kwayo. Waanzilishi walikuwa makuli wa reli wasio na dobi, wakakubaliana kwamba jezi ya mchezaji itafuliwa nyumbani kwao. Ikabaki hivyo. Baada ya mechi Chaurembo huzisambaza nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, siku ya nne hupita kuzikusanya. Mchezaji akitoka mbali, klabu humtafutia nyumba ya kumfulia, na kuanzia hapo wale ndio ndugu zake. Akioa wanaalikwa, akifiwa wanakaa msibani.

Kwa kuwa Kondo bado yuko kwenye orodha, sheria inamtaka Chaurembo atundike namba nane kwenye msumari wake kila mechi. Anaitundika ikiwa safi, imepigwa pasi. Wenzake wanavaa, wanatoka kumi, yeye anafunga mlango kwa ufunguo.

"Mara ya kwanza kuikuta imelowa nilidhani paa linavuja," aliniambia, akitazama pembeni. "Nikaangalia juu. Mwezi wa pili, hakuna mvua wala dalili. Nikainusa. Bwana, jasho halisingiziwi."

Kwa miaka saba anaipeleka kwa Bi Mwanamvua Mwinshehe, dada yake Kondo, ikiwa imelowa na vumbi jekundu mgongoni. Hawasemezani sana pale mlangoni. Anaitoa kwenye mfuko, yeye anaipokea kwa mikono miwili.

Nilikwenda kwake siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba na beseni. Ni mwanamke mrefu, mshonaji, na huongea kama anayekata uzi.

"Wiki ile ya mechi ya mwaka huu na Maji Marefu ilikuja na damu kwenye kola," aliniambia. "Kidogo tu. Nikaitia chumvi, ikatoka."

"Dada, labda ni..."

"Labda ni nini?"

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Nimewaandikia barua sitini na tatu," akasema. "Polisi, magereza, hospitali, Wizara. Nauliza jambo moja, yuko wapi. Wananijibu kwamba ombi langu limepokelewa. Lakini hii," akaikamua, maji yakatoka mekundu, "hii inanijibu kila wiki. Mtu anayetoka jasho ana mahali alipo."

*

Nilisahau kusema kuhusu uchezaji wenyewe. Ni jambo ambalo wote tunalijua na hakuna anayelisimulia.

Siku ya mechi na Maji Marefu, ile ya damu ya kola, Kajuna alipangiwa kukaa jukwaani kusimamia mashabiki, akaketi karibu nami. Hakuwa mtu wa mpira, alisomea takwimu. Dakika ya kumi na kitu beki wetu alipiga pasi ndefu kwenda katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wote hufanya hivyo, mguu umezoea. Mpira ulikwenda kwa kasi, ukafika kwenye duara la kati, ukatulia. Haukudunda, haukujongea. Ulitulia kama umewekwa.

Wachezaji wa Maji Marefu walikuwa karibu. Wakazunguka pembeni ya duara, wote, kama watu wanaokwepa mkeka wa msibani. Kisha mpira ukatoka. Ulipenya kati ya mabeki wawili, chini chini, ukamkuta winga wetu mbele ya kipa, winga akautia wavuni. Hakushangilia. Aligeuka akanyoosha kidole katikati ya uwanja, halafu akakumbuka alipo, akakikunja.

Bendera ya Kajuna ilikuwa imepanda nusu.

"Nani kapiga ile?" aliniuliza.

"Hatujui, Bwana Afisa. Ndiyo tunajadili tumpate nani."

"Upepo," akasema.

Nikamwonyesha turubai la mashariki. Halikutikisika. Wale watu wa rangi walikuwa wanashangilia, kama kawaida yao, na Kajuna aliwatazama muda mrefu kuliko inavyofaa. Alivipanga vidole vyake juu ya goti, akaanza kuvihesabu, akafika kumi akaanza tena. Akaishia tisa. Tangu siku hiyo bendera yake ilikuwa nzito kupanda.

*

Bao lile liliwatia wasiwasi wakubwa. Wiki iliyofuata Waziri wa Nafasi na Mijadala, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ruhinda Mtitu, alikuja klabuni kwa msafara wa magari tisa. Alisimama juu ya benchi la wachezaji wa akiba.

"Ndugu wanachama," alisema, "mmejadili miaka saba. Mmejadili vizuri, mmejadili kwa utulivu, mataifa yanawaonea wivu. Sasa serikali imesikia kilio chenu. Msajilini kiungo. Mimi binafsi sina upande, nawapenda Lopango na Sembuyagi kwa usawa, kama baba. Nchi haiwezi kupiga hatua ikiwa na shimo katikati ya kiwanja. Kilichobaki ni fomu tu."

Fomu ina kurasa mbili. Ya kwanza ni jina la mchezaji, urefu, mguu anaoutumia. Ya pili ina kipengele cha nne: Sababu ya nafasi kuwa wazi, chagua moja. (a) Amehama. (b) Amestaafu. (c) Amefariki. (d) Hakuwahi kuwepo.

Makatibu wa klabu walihangaika siku tatu kwa uaminifu mkubwa. Kuhama kunataka barua ya klabu aliyokwenda. Kustaafu kunataka sahihi yake mwenyewe. Kufariki kunataka cheti, cheti kinataka mwili, na mwili uko kwa watu ambao wameshaandika kwamba hawana mwili. Ikabaki (d). Hiyo haitaki kiambatisho chochote. Inataka sahihi za theluthi mbili ya wanachama. Sisi ni mia sita, kwa hiyo watu mia nne.

Yako maelezo madogo chini ya ukurasa, nami huyasoma maelezo madogo. Sikwenda shule za juu, ndiyo maana sijafundishwa kuyaruka. Yalisema hivi. Mtu akishathibitishwa hakuwahi kuwepo, jezi yake inakabidhiwa kwa mrithi wa nafasi, pamoja na nyumba ya kufulia. Yaani Bi Mwanamvua angeendelea kufua namba nane, ila ya Lopango, na Lopango angekuwa ndugu yake. Wizara ilikuwa imempa mwingine. Na aya ya mwisho: yeyote aliyewahi kuiandikia serikali kumuulizia mtu ambaye hakuwahi kuwepo atahesabiwa kuwa amesumbua ofisi za umma, kila barua kosa lake, kila kosa mwaka wake.

Barua zake, nimeshakwambia, ni sitini na tatu.

Sasa subiri uone jinsi tulivyokuwa mashujaa. Nadhani unatarajia nikwambie kwamba tulikataa. Kibandani kwa Pazi ubishi ulikuwa mkali, hujawahi kuusikia. Tulibishana siku nne kama ni Lopango au Sembuyagi. Tuligawanyika, watu wawili walirushiana sabuni ya kunyolea, Pazi alimfukuza mteja aliyesema tusubiri dirisha dogo. Na kila aliyeshindwa hoja au kushinda hoja alisogea mezani akatia sahihi, kwa sababu kipengele cha nne kilikuwa kilekile kwa wote wawili. Ukurasa wa pili haukujadiliwa hata kwa neno moja. Bendera ya Kajuna haikupanda kabisa siku hizo. Hatukumpa sababu.

Mimi ni mwanachama namba mia mbili na kumi na mbili. Nilisoma maelezo madogo yote, mara mbili. Nikawaza kwamba ni kombe, miaka saba hatujagusa kombe. Nikawaza kwamba sahihi moja si kitu. Nikatia, kwa namba, bila jina.

*

Siku ya mwisho ya usajili dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi na moja jioni. Saa tisa sahihi zilikuwa mia nne na sita, zimebandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya klabu, majina na namba zote, ili kila mtu ajivunie. Lopango alikuwa ameshinda. Walimleta juu ya gari la wazi na tarumbeta. Ni mtu mkubwa kweli, kutoka ng'ambo ya ziwa, ana sauti ndogo na macho ya mtu aliyelala basi.

Waziri alikuwepo. Meza ilikuwa na kitambaa cha kijani, maua ya plastiki, na mafungu ya fomu zetu. Bi Mwanamvua aliingia na beseni.

Watu walimpisha. Alisimama kwanza mbele ya ubao akasoma majina toka juu, bila haraka, kidole kikishuka. Alikaa pale robo saa nzima na hakuna aliyethubutu kumwondoa, hata walinzi. Kidole kikasimama penye namba isiyo na jina.

"Namba mia mbili na kumi na mbili ni nani?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka alipo. "Ni mimi, dada."

"Wewe."

"Ndiyo."

"Ulikula pilau ya harusi yake. Ulirudia mara mbili." Alisema bila kupandisha sauti. "Ulikuja kwangu ukakaa kwenye kigoda, ukanitazama nakamua."

Niliangalia juu. Siku hiyo hata mawingu hayakuwepo.

Akaenda mezani. Beseni lilikuwa na jezi namba nane. Chaurembo alikuwa ameileta siku iliyopita, na Bi Mwanamvua hakuifua. Akaiinua ikiwa na vumbi lake, akamgeukia Lopango.

"Nimeambiwa wewe ndiye ndugu yangu," akasema. "Karibu. Mimi ndiye nitakufulia. Chukua jezi yako."

Waziri akapiga makofi, watu wakapiga makofi, tarumbeta ikalia kidogo. "Tazameni moyo wa mwanamke wa nchi hii," Waziri alisema. "Tazameni ukomavu. Vaa, kijana, wapiga picha wako tayari."

Lopango aliipokea. Aliishika kama watu washikavyo mtoto mchanga wa jirani, hajui aegemeze wapi. Akaisogeza kifuani. Nilikuwa karibu nikaona mikono yake ikisimama.

"Mama," akasema, "iko na joto."

"Ndiyo."

"Ilikauka?"

"Haijawahi kukauka."

Akaipeleka sikioni. Usiniulize kwa nini sikioni, mimi ninaripoti. Alisikiliza kwa muda, kisha akaikunja vizuri, mikono kwa ndani, akairudisha kwenye beseni.

"Mimi nilicheza mu inchi tano," Lopango alisema, akimwambia Waziri kwa heshima zote. "Nilivaa jezi ya mutu alikufa, nilivaa ya mutu alifungwa. Hii siwezi. Hii iko na mutu ndani, na iko anapumua."

"Ni nguo," Waziri akasema.

"Basi vaa wewe, Mheshimiwa."

Sijawahi kuona watu elfu moja wakitazama shati namna ile. Waziri naye alilitazama. Alisogeza mkono, akaupitisha juu ya beseni, hakugusa. Akaurudisha mfukoni na kusema ana kikao.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Sijui niliyatoa wapi maneno. Nilimwambia karani, "Naomba fomu yangu." Akaniambia fomu hairudishwi. Nikamwambia kanuni ya kumi na moja ya klabu, mwanachama anaweza kuondoa sahihi yake mwenyewe kabla dirisha halijafungwa, akija na kadi. Kanuni hiyo nilikuwa naijua miaka yote. Niliijua hata siku ile nilipotia sahihi. Akanipa. Nyuma yangu alikuwa Chaurembo, kadi mkononi. Nyuma yake Pazi, bado ana povu kwenye vidole.

"Halafu usidhani nimekubali Sembuyagi," Pazi akamwambia Chaurembo.

"Sogea mbele, foleni inasubiri."

Saa kumi na moja ilipogonga zilikuwa zimebaki sahihi mia tatu na tisini na moja. Kajuna ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Alihesabu mara mbili, akaandika tarakimu kwa mwandiko wake mzuri, akaiweka bendera mezani juu ya maua ya plastiki. Wiki ile ile alihamishiwa Idara ya Mjadala wa Golikipa, ambako nasikia hakuna wa kusahaulika, kwa sasa.

*

Ungedhani serikali ingekasirika. Haikukasirika. Jumatatu lilitoka tangazo lenye maneno matamu: kwa kutambua mapenzi makubwa ya wananchi kwa mpira, kila raia mwenye umri wa miaka kumi na minane amefanywa mwanachama wa Vumbi Jekundu, bure, hata kama anashabikia Maji Marefu, hata kama hajui mpira una pembe ngapi. Theluthi mbili sasa itatafutwa nchi nzima. Kiungo atakayesajiliwa tutaambiwa baadaye. Ukurasa wa kwanza haumo tena kwenye fomu. Umebaki ule wa pili peke yake.

Jana wale wa suti za kaki walimfuata Bi Mwanamvua kumwambia ajiandae. Hawakumchukua, walikwenda kumwambia tu ajiandae. Jezi ameitandaza dirishani upande wa barabarani, na mtaa mzima unapita mbali.

Kwa hiyo fomu inakuja kwako. Ikifika, mbeba fomu atakuuliza kwa tabasamu, je, wewe mwenzetu unampenda kiungo mkabaji au mchezeshaji. Usimjibu. Mtu akianza kukujibia, mnyamazishe. Chukua kalamu upitishe mstari juu ya herufi zote nne. Pembeni uandike kwa mkono wako: Alichukuliwa na watu wa serikali wakati wa mapumziko. Mrudisheni, au semeni mlichomfanya. Chini yake jina lako kamili, si namba.

Usimrudishie mbeba fomu. Ipeleke mwenyewe Wizarani, dirisha la kwanza kushoto, na usikubali ukaambiwa imepokelewa. Simama hapo mpaka ujibiwe. Bi Mwanamvua yuko mbele kabisa tangu alfajiri, na beseni lake. Lopango yuko nyuma yake, kisha Chaurembo, kisha Pazi, kisha mimi, ninayeandika haya juu ya goti. Nimegeuka kutazama. Nyuma yangu hakuna mtu. Vaa kandambili zako uje.